Upele Ulikuwa Wangu

Naandika haya nikiwa mzima. Ngozi yangu imerudi, isipokuwa madoa meusi machache kwenye vifundo vya mikono, na hayo nayafunika kwa saa. Kwa hiyo soma bila kuogopa. Kama unasoma huku unajikuna kati ya vidole, soma mpaka mwisho, kisha wewe na wote wa nyumbani kwako mwende kliniki.

Mimi si mtu wa kuonewa huruma. Natoka Uvira, shule niliachia darasa la tano, na Johannesburg niliingia na mfuko mmoja usio na zipu. Nilianza kwa kuuza vitana kwenye roboti, yaani taa za barabarani, magari yakisimama nakimbia, yakiondoka nakohoa moshi. Leo nina duka la vipodozi Jeppestown, viti vinne vya wasusi ndani yake, na nyumba ya kupanga Troyeville yenye vyumba vitatu na chumba cha nje. Suti ninazo saba. Hakuna aliyenishika mkono. Nimeeleza hayo ili ujue aliyepatwa ni mtu wa namna gani, maana na mimi nilidhani upele ni wa watu wasiooga. Mimi naoga mara mbili kwa siku, hata baridi ya mwezi wa saba.

Kilichonipa jina pale Jeppestown ni melanji. Ndivyo sisi Wakongomani tunavyouita mchanganyiko wa krimu: unachukua losheni ya kawaida, unakamulia tyubu mbili tatu za dawa ya ngozi zenye nguvu, unakoroga, unatia kwenye kopo lako. Ngozi inakuwa laini, inang'aa, na kila kinachowasha kinanyamaza. Melanji yangu ilikuwa inajulikana mpaka Yeoville. Wateja waliniita Dokta. Na mimi nilikuwa naitika.

Mwaka ule, 2016, mwezi wa tano, alifariki fundi cherehani mmoja wa kanisa letu, mtu wa mji wa Baraka, rafiki yangu. Unajua matanga yetu: wanawake wanalala ndani na mjane, wanaume uani chini ya turubai, magodoro yamebananishwa, hakuna anayerudi kwake mpaka siku ya kuzika. Magodoro nilileta mimi, na nilihakikisha watu wanajua nani ameyaleta. Baridi ilikuwa kali, tukalala wawili wawili kwenye blanketi moja, mgongo kwa mgongo, siku tano. Mwenzangu wa blanketi alikuwa mlinzi mmoja wa jengo, mtu mpole. Alijikuna kila usiku.

Nilimwambia, "Ndugu, hiyo ni baridi kavu ya huku. Pita dukani, nitakupatia kitu."

Akapita. Nikampatia. Akashukuru sana.

Mimi mwenyewe sikuhisi chochote mwezi mzima. Kisha, mwisho wa mwezi wa sita, tumbo likaanza kuniwasha, pale mkanda unapokaa. Halafu makwapa. Halafu kati ya vidole. Mchana ilivumilika, lakini nikishaingia kitandani na mwili ukipata joto, ndipo ngoma inapoanza. Vilitoka vipele vidogo vidogo, vingine vyenye kichwa cha maji, na kwenye kifundo cha mkono kilikuwepo kimstari chembamba cha kijivu, kimepinda, kama mtu amejaribu kalamu. Wewe ukikiona hicho kimstari, usibishane nacho. Mimi nilipaka melanji. Kuwashwa kukapungua, nikajisifu: Dokta amejitibu.

Wiki moja baadaye mama mkwe wangu akafika.

Alitoka kambi ya wakimbizi Malawi, ambako ameishi miaka mingi tangu vita. Siku mbili ndani ya basi, ana kifurushi cha vitenge na mkungu mdogo wa ndizi alioubeba mapajani safari nzima. Watoto wangu walizaliwa huku, Kiswahili wanasikia lakini wanajibu kwa Kiingereza, ila yule mama walimwelewa mara moja. Walimwita Koko, yaani bibi. Grace, binti yetu mdogo wa miaka mitatu, ambaye mpaka hapo alikuwa analala katikati yetu mimi na mke wangu, alihamia kitanda cha Koko usiku wa kwanza, na hakurudi tena.

Mwezi wa nane, upepo wa vumbi ulipoanza, Grace alianza kujikuna. Viganja, nyayo, mpaka kichwani. Alilia huku anajisugua miguu kwenye shuka. Haikupita wiki, Koko naye akawa anajikuna viwiko, na chini ya matiti, na kiuno.

Nilimwangalia yule mama, nikaangalia mtoto, nikapiga hesabu yangu ya darasa la tano. Analala na nani? Na Koko. Koko katoka wapi? Kambini. Kwisha.

"Mama yako ametuletea ugonjwa wa kambi," nilimwambia mke wangu. Yeye ni Mama Esther, kwa jina la binti yetu mkubwa.

"Papa Esther, na wewe unajikuna."

"Mimi ni ngozi kavu."

"Ngozi kavu mpaka huko chini?"

Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinigeuzia mgongo kuanzia siku ile, na sikumlaumu, maana mwanamume anayejikuna mahali pale mkewe anawaza mengine.

Nikamhamisha Koko kwenye chumba cha nje. Nikamtengea sahani, kikombe na kijiko. Nilitaka Esther, wa miaka kumi na mitatu, awe anampelekea chakula na kukiacha mlangoni. Esther alikataa, alikuwa anakaa na kula naye. Koko alifua shuka zake mwenyewe kila asubuhi kwa maji baridi, mikono ikatoka damu.

Lakini hilo la nyumbani ni dogo. La kanisani ndilo linaloniamsha.

Kanisani kwetu, ibada ikiisha, wazee wa kanisa wanatoka kwanza na kusimama mlangoni. Kila anayetoka anawapa mkono, kisha naye anajiunga na mstari, mpaka kila mtu amemshika kila mtu. Mgeni akishikwa mikono yote ile anajua amefika kwao. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilikuwa wa kwanza mlangoni, suti ya bluu, viatu vimepakwa rangi.

Koko alikuja ameinama kidogo, amenyoosha mikono miwili, kama mama mkwe anavyopokewa na mkwe wake kwetu. Mimi nikatia mikono yangu mfukoni.

"Mama," nikasema, na nikasema kwa sauti ya kusikika, "leo tusalimiane kwa mdomo tu. Mpaka hicho kitu kikuishe."

Mikono yake ilibaki hewani. Aliyekuwa nyuma yangu mstarini aliisikia, na yeye akakunja yake. Na wa tatu. Koko alipita mstari wote ule wa watu wa lugha yake bila kuguswa na mtu, ameshika mikono yake mwenyewe.

Hakurudi kwangu. Mjane wa yule fundi tuliyemzika, anayekaa Bertrams, alimshika kiwiko akaenda naye. Jioni Mama Esther alipeleka kifurushi cha vitenge. Aliporudi aliniambia maneno mawili tu: "Anarudi kambini." Basi lake lilikuwa la mwisho wa mwezi wa kumi. Na nikajua habari itafika Malawi kabla yake, na kutoka Malawi itafika Uvira: mama amefukuzwa na mkwe kwa sababu ya upele.

Nilidhani nyumba sasa itapona. Ikazidi. Esther akaanza. Mama Esther akaanza. Mimi melanji ikashindwa; vipele vilipanda mpaka mgongoni, ngozi ya kwapa ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara, nikiikuna inachanika. Shule ya chekechea wakamrudisha Grace na barua.

Nilikwenda Fordsburg kumwona daktari wa kulipia, si kwa sababu ninazo, ingawa ninazo, bali kwa sababu kule hawanijui. Nilivaa glavu za ngozi. Chumba cha kungojea kilijaa, nikakaa pembeni chini ya saa ya ukutani, nimebana mikono katikati ya mapaja ili isikune. Ndipo nikasikia:

"Dokta! Na wewe unaumwa?"

Alikuwa mteja wangu, msusi Mrundi, mwanamke wa maneno mengi. Akakaa karibu yangu kabisa.

"Nimemsindikiza mtu," nikasema.

"Ile melanji yako, Dokta, siku tatu ilinisaidia, kisha ikarudi na ndugu zake! Sasa mume wangu naye, mtoto naye. Ona." Akanyoosha vidole. Vimistari vile vile.

Nilisimama, nikasema naenda kuangalia gari, nikaondoka kabla sijaitwa. Eish. Kutoka Fordsburg mpaka Troyeville niliendesha na machozi, na nakuapia hayakuwa ya maumivu.

Kliniki tulikwenda wote, mwezi wa tisa, kwa amri ya mke wangu. Foleni ilianza barabarani. Nilikaa kwenye benchi la mbao kwa saa nne na nusu, mtu mwenye suti saba, Grace amelala mapajani anajikuna usingizini. Bibi mmoja Mzulu aliyekaa mbele yetu aligeuka, akamtazama mtoto, akavua skafu yake ya sufu, akamfunga Grace mikono taratibu ili asijiumize. Hakuuliza kitu. Mimi nilikuwa nimemfanyia nini mama wa makamo yake?

Muuguzi, wanawaita Sista, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na haraka. Kiingereza changu ni cha dukani, najua bei na rangi, lakini Sista alichanganya Kizulu na alikwenda mbio. Esther ikabidi atafsiri.

"Baba, anasema fungua shati."

Nikafungua.

"Anasema upele. Ni kidudu kidogo, macho hayakioni, kinachimba chini ya ngozi. Anasema..." Mtoto akaangalia sakafu. "Baba, anauliza kama unawashwa na huko chini."

Nikaitika kwa kichwa. Hakuna mzazi anayestahili kumwitikia mtoto wake swali lile.

"Anauliza unapaka nini."

"Vaselini."

Mama Esther akafungua mkoba wake, akatoa kopo la melanji, akaliweka juu ya meza. Sista alilinusa, akalisukuma pembeni kwa vidole viwili, na akasema kitu kirefu. Esther alitafsiri polepole: dawa iliyomo humo haiui kidudu, inanyamazisha ngozi tu. Ngozi ikinyamaza, vidudu vinazaana kwa raha zao. Mimi nimeiweka kwa namna yangu: nilimfunga mbwa mdomo, kisha nikamshangaa mwizi.

"Anauliza nani alianza."

"Mama mkwe," nikasema.

Mama Esther hakupandisha sauti. "Mama alifika wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Sikukuu ya uhuru wa Kongo, mwisho wa mwezi wa sita, tulipokula mbuzi, nani alikuwa anajisugua kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe?"

Esther akatafsiri na hilo, sijui kwa nini. Sista akanitazama juu ya miwani. Akaeleza kwamba mtu akishikwa mara ya kwanza anaweza kukaa mwezi, hata mwezi na nusu, hawashwi, na siku zote hizo anagawa. Akauliza, mwezi mmoja na nusu kabla ya hiyo sikukuu nililala na nani.

Nilitaka kusema "na mke wangu." Halafu nikaona turubai, magodoro yangu, na yule mlinzi mpole aliyekuwa anajikuna mgongoni kwangu.

Basi ni hivi. Nilipewa matangani. Nikampa mke na Grace kitandani kwangu. Grace akampa Koko. Yule mama alitoka kambini mzima kama yai, akaja kuupata upele wake Johannesburg, kwa mkwe wake anayeitwa Dokta.

"Muulize," nikamwambia Esther, "kusalimiana kwa mkono kanisani, kunaambukiza?"

Sista alicheka kidogo. Mkono wa haraka, hapana, ni nadra sana. Kidudu hakiruki. Kinataka ngozi kwa ngozi, muda mrefu: walalao pamoja, mtoto na anayembeba, watu walioshikana wakakawia. Na si uchafu. Kinaingia kwa anayeoga na asiyeoga.

Kwa hiyo hata ule mkono niliomnyima, ulikuwa salama.

Tulipewa chupa za dawa nyeupe kama maziwa, na kwa Grace mafuta mazito yananukia kiberiti. Sharti lilikuwa moja, na Sista aliligonga mezani kwa kalamu: wote siku moja. Kila aliyelala nyumba ile, anayejikuna na asiyejikuna. Mkimwacha mmoja, mnaanza upya. "Wote" maana yake na Koko.

Sasa hapa pana jambo. Kwetu mkwe aliyemvunjia heshima mama mkwe haendi na mdomo wake mwenyewe. Anatuma wazee, na kitenge, na mbuzi, maneno yanazungushwa wiki kadhaa ndipo anaonyesha uso. Dawa haikuwa na wiki kadhaa. Ilikuwa jioni ile. Nikaenda Bertrams peke yangu, chupa imefungwa kwenye gazeti.

Alikuwa jikoni anachambua maharage. Nilipiga magoti mlangoni, suruali ya suti kwenye saruji.

"Mama, upele ulikuwa wangu."

Akaendelea kuchambua. "Wazee wako wapi?"

"Sina wazee, Mama. Sista amesema leo leo."

"Sista." Akatupa punje mbovu. "Mukwe hajui desturi mpaka Sista amwambie avunje."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akapokea chupa, akaisoma ingawa hasomi.

"Dawa nimepokea," akasema. "Yale mengine, bado. Ulinikatalia wapi?"

"Mlangoni kwa kanisa."

"Basi unajua ni wapi."

Usiku ule tulijipaka. Kuanzia shingoni hadi nyayo, kati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, na kule kote unakoona haya. Pale nilipochanika iliunguza, nikaruka chumbani kama mtoto aliyekanyaga siafu, na Mama Esther, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane, alicheka. Kisha akanipaka mgongo. Mgongo mtu hawezi kujipaka mwenyewe, hata awe amejitengeneza mwenyewe namna gani. Bertrams, Esther alimpaka Koko.

Mashuka na nguo zilifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Zisizofulika zilifungwa kwenye mifuko myeusi ya taka wiki nzima, na ndivyo suti zangu saba zilivyokaa uani kama takataka. Dukani nilikwenda na sweta la zamani. Nikamwaga melanji yote kwenye sinki mbele ya wasusi, na kila niliyekumbuka kumuuzia nilimtafuta nikamwambia aende kliniki na wote wa kwake. Yule msusi Mrundi nilianza naye. Yule mlinzi pia. Wengine walinitukana. Wawili wa wasusi wangu walihama. "Dokta wa upele," ndilo jina nililobaki nalo mtaa ule mpaka mwaka uliofuata, na nimeliitikia.

Jambo la kujua: dawa ikishaua vidudu, kuwashwa hakuishi siku hiyo. Mimi niliendelea karibu wiki tatu. Usijipake kila siku kwa hofu, utajiunguza bure. Tulirudia mara ya pili kama Sista alivyoandika, tukangoja. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi ilinikuta nimelala usiku kucha bila kuamka.

Wazee nao niliwatuma, baadaye, na kitenge. Koko alipokea kitenge, akawapa chai, akawaambia hana la kuongeza.

Jumapili ya mwisho kabla ya basi lake, ibada ilipoisha, nilitoka nikasimama mlangoni. Sikuvaa saa. Mikono niliitoa nje mapema kabisa, madoa na yote, nikawa nimeining'iniza kama mtu anayengoja kufungwa pingu.

Alikuja wa mwisho kabisa, amevaa kile kitenge. Mstari wote ulikuwa umeshasimama, kila mtu anatazama. Nikainama, nikanyoosha mikono miwili, na nikasema kwa sauti ile ile niliyotumia siku ile, ili wasikie wale wale waliosikia:

"Mama, upele ulikuwa wangu. Wewe ulikuja mzima."

Alinishika. Mikono yake ilikuwa imekwaruzika bado kwa maji baridi aliyofulia kwangu. Nikangoja aachie kama watu wanavyoachia. Hakuachia. Nikahesabu moyoni, nikapoteza hesabu. Mstari ulianza kunong'ona.

"Koko, tunasikia njaa!" mzee mmoja akaita, watu wakacheka.

"Ngojeni," akasema, bila kugeuka. Kisha akaniambia mimi, polepole: "Esther alinieleza maneno ya Sista. Ati mkono wa haraka hauambukizi. Unaoambukiza ni wa kukawia."

"Ndiyo, Mama."

"Basi tukawie, mukwe wangu."

Tukasimama pale, mimi nimeinama, jua la saa saba limenipiga kisogoni, jasho la mikono yetu likiwa moja. Mgongo uliniuma, na machozi yalidondokea viatu vyangu, na watu wote wa lugha yangu waliyaona.

Aliyeachia kwanza alikuwa yeye.